Kumpeleka mtoto kambini wakati nyumbani hali ni ngumu: mwongozo kamili kwa mzazi

Kazi imekatika, au mzazi mmoja yuko wodini, au msiba haujapoa. Katikati ya hayo likizo ndefu inafika, na mtu anakushauri umpeleke mtoto kambini akacheze na wenzake. Ushauri ni mzuri. Shida ni kwamba wengi wanaoufuata humrudisha mtoto baada ya usiku wa pili au wa tatu, macho yamevimba kwa kulia, na mzazi anaamua kwamba kambi ni ya familia zisizo na matatizo.

Mara nyingi kambi haikuwa na kosa. Mtoto aliondoka nyumbani akiwa na swali ambalo hakuna aliyemjibu, na swali likamfuata hadi kitandani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini hufanyika nyumbani, kabla begi halijafungwa.

Ninapozungumzia kambi ya bweni nina maana ile ambayo mtoto hulala huko siku kadhaa au wiki kadhaa. Kambi ya kutwa ni ile anayoenda asubuhi na kurudi jioni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na kadi ya bima ya afya kama ipo.
- Dawa za mtoto katika pakiti yake ya asili, pamoja na maelekezo ya daktari yaliyoandikwa.
- Majina na namba za simu za watu wazima wawili zaidi ya wazazi. Wawe watu wanaopokea simu usiku.
- Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto na, ikibidi, wasioruhusiwa.
- Karatasi moja yenye maelezo ya hali ya nyumbani kwa ajili ya mkuu wa kambi (tazama hatua ya 6).
- Kalenda ndogo ya kuhesabia siku, karatasi, kalamu na bahasha.
- Nguo za kutosha zilizoandikwa jina, tochi, na kitu kimoja kidogo chenye harufu ya nyumbani: foronya, kanga, fulana ya mzazi.

Usinunue vitu vipya kwa mkopo ili mtoto "asionekane". Kambi nyingi zina nguo na magodoro ya akiba. Uliza.

Hatua ya 1: Pima kama huu ni wakati wake

Nyumba yenye shida hupoteza ratiba kwanza. Mlo unachelewa, usingizi unakatika, wakubwa wananong'ona jikoni. Kambi humpa mtoto siku inayojulikana ilivyo tangu kengele ya asubuhi, watu wazima ambao akili zao hazijachoka, na wenzake wasiomwita "yule ambaye baba yake anaumwa". Kwa mtoto wa miaka 9 hilo la mwisho ni pumziko kubwa.

Hata hivyo zipo hali za kusubiri. Usimpeleke kambi ya bweni ikiwa:

- msiba wa mtu wa karibu umetokea siku chache tu zilizopita;
- mgonjwa yuko katika hatua ambayo anaweza kufariki wakati mtoto hayupo;
- mtoto ameanza ghafla kukojoa kitandani, kukataa kula, au kukuganda kila unapotoka chumbani.

Sababu ni moja kwa zote tatu: mtoto huyu sasa hivi anahitaji kukuona kwa macho. Mtafutie kambi ya kutwa. Atapata michezo na ratiba, na jioni atahakikisha mwenyewe kwamba bado mpo.

Utajua umepima vizuri ukiweza kusema kwa sentensi moja kwa nini mtoto anaenda, na sentensi hiyo isiwe tu "ili tupumzike". Kupumzika kwenu ni halali kabisa, lakini lisipokuwapo jambo linalomhusu yeye mwenyewe, atahisi ameondolewa.

Hatua ya 2: Chagua kambi kwa maswali, usichague kwa picha

Picha za watoto wakiogelea hazikuambii chochote. Piga simu uulize haya:

*Mlezi mmoja ana watoto wangapi?* Kipimo kizuri ni kile cha American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani. Kwa kambi ya bweni, mlezi 1 kwa watoto 6 wa umri wa miaka 6 hadi 8, na mlezi 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14. Kambi ikizidi sana hapo, mtoto anayelia kimya hataonekana.

*Mtu mzima anaweza kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine?* Jibu sahihi ni hapana, tena litolewe bila kusitasita.

*Ni nani anayekaa na dawa, na usiku muuguzi au mtu wa huduma ya kwanza yuko wapi?*

*Mtoto akilia usiku, mnafanya nini?* Sikiliza kama wana utaratibu au wanacheka tu. "Huwa wanazoea" si utaratibu.

Ikiwa shida ya nyumbani ni ugonjwa mzito au msiba, uliza pia kuhusu kambi maalumu. Zipo za watoto wenye magonjwa makubwa, kama ile ya Hole in the Wall Gang iliyofunguliwa na mwigizaji Paul Newman mwaka 1988 huko Connecticut, ambako familia hailipi ada. Zipo pia za watoto waliofiwa. Na usimsahau ndugu wa mgonjwa. Mtoto mzima wa afya katika nyumba yenye mtoto mgonjwa hujifunza kutosumbua, na wakubwa humsifu kwa hilo bila kuona anavyonyauka. Baadhi ya kambi hizo maalumu huwapokea ndugu, wakati mwingine katika awamu yao wenyewe.

Hatua ya 3: Omba nafuu ya ada mapema

Hapa ndipo fahari inapowagharimu watu. Kambi nyingi hutenga nafasi za ufadhili au punguzo la ada, lakini fungu hilo lina kikomo na hugawanywa kwa kufuata tarehe za maombi. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho kwa sababu ya aibu hukuta limekwisha.

Andika barua fupi. Huhitaji kueleza maisha yako yote. Mfano:

"Ninaomba nafasi kwa mwanangu mwenye miaka 10 katika awamu ya pili. Kipato cha nyumbani kimepungua tangu mwenzangu alazwe hospitali. Ninaweza kulipa robo ya ada kwa mikupuo miwili kabla ya kambi kuanza. Ninaomba msaada kwa kiasi kilichobaki pamoja na usafiri. Nafasi ikikosekana, naomba niwekwe kwenye orodha ya wanaosubiri."

Barua hii inasema nini kimetokea, unaweza nini, na unaomba nini. Taja kiasi unachoweza hata kama ni kidogo, kwa sababu humsaidia anayegawa kupanga hesabu yake. Taja usafiri, kwa kuwa wapo wanaopata nafasi ya bure kisha wakashindwa nauli.

Tahadhari: uliza kwa maandishi kama mtoto wa ufadhili anatambulishwa kwa namna yoyote, kwa mfano rangi ya fulana au kupigwa picha ya kuwaonyesha wafadhili. Una haki ya kukataa picha.

Hatua ya 4: Mwambie mtoto ukweli wenye kipimo chake

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo safari nyingi huvunjikia.

Mtoto aliye katika nyumba yenye shida hubeba maswali matatu, hata asipoyatamka: Mimi ndiye niliyesababisha? Na mimi litanipata? Nani atanitunza? Ukimpeleka kambini bila kuyajibu, atayajibu mwenyewe gizani, na majibu yake yatakuwa mabaya kuliko ukweli.

Kwa ugonjwa unaweza kusema: "Mama ana saratani. Haikuletwa na kitu chochote ulichofanya wala ulichosema. Haiambukizi. Wiki utakayokuwa kambini, mimi nitakuwa naye hospitali, na shangazi atalala hapa nyumbani." Taja ugonjwa kwa jina lake. Ukiuita "kuumwa kidogo", mtoto ataogopa kila mafua.

Kwa kazi iliyopotea: "Kazi ya baba imekwisha. Hela ni chache kuliko zamani na tunapanga upya matumizi. Chakula kipo. Nafasi yako kambini imeshapatikana, hakuna aliyenyimwa kitu ili wewe uende." Sentensi ya mwisho itamke ikiwa ni kweli tu, lakini jitahidi iwe kweli. Watoto huhesabu fedha za nyumbani kwa ukimya, na wengine hukataa kambi kwa kisingizio cha kutoipenda.

Kwa msiba, usiseme marehemu amelala au amesafiri. Mtoto atakayelala mbali nawe hapaswi kuhusisha usingizi au safari na kutorudi.

Kisha mpe ahadi moja unayoweza kuitimiza: "Kukitokea jambo kubwa, nitakuambia mimi mwenyewe, siku hiyohiyo. Kama sijakuambia, ujue hakuna jipya." Ahadi hii humwondolea kazi ya kulinda. Bila hiyo, kila simu inayolia ofisini mwa kambi atadhani ni yake.

Onyo: usiahidi yasiyo mikononi mwako. "Ukirudi utamkuta baba amepona" ni deni litakalokuja kulipwa na imani ya mtoto kwako.

Kwa mkubwa wa miaka 12 au 13 kuna kazi ya ziada. Huyu huenda ndiye amekuwa akipika, akiwaogesha wadogo zake, akimkumbusha mgonjwa dawa. Kumwambia "nenda ukafurahi" hakutoshi, kwa sababu anajua asipokuwapo kuna mambo yatalala. Fanya makabidhiano kweli. Kaeni mezani, aorodheshe kazi zake zote, na mbele yake mtu mzima achukue kila moja kwa jina: nani atampeleka mdogo wake shule ya chekechea, nani ataamka saa nane za usiku kutoa dawa. Aione orodha imejaa majina ya wengine. Usifanye haraka, mara nyingi ni siku ya kwanza kwa mtu yeyote kuona ukubwa wa mzigo aliokuwa ameubeba.

Dalili ya mafanikio: mtoto anauliza maswali ya kambi yenyewe. Kitanda kikoje? Kuna kuogelea? Akiacha kuuliza ya nyumbani tu na kuanza kuuliza ya huko, ameanza kuondoka vizuri.

Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi ya kulala mbali

American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kilitoa mwaka 2007 mwongozo wa kuzuia na kutibu hamu ya nyumbani. Ushauri wake mkubwa ni rahisi kutekeleza: mshirikishe mtoto katika uamuzi, mfanyie mazoezi ya kulala mbali, na usimwahidi kwamba utamfuata akilia.

Mazoezi: usiku mbili au tatu kwa ndugu au rafiki wa familia, bila simu za kila saa. Asubuhi muulize alipokumbuka nyumbani alifanya nini. Akijibu kwamba alisoma, au alimwambia mama mwenye nyumba, tayari ana dawa yake mwenyewe. Iandikeni.

Kuhusu ahadi ya kumfuata, najua inavyotoka mdomoni kwa huruma: "Ukishindwa nipigie tu, nitakuja." Mtoto husikia mambo mawili hapo. Kwanza, mzazi wangu anadhani nitashindwa. Pili, dawa pekee ya hamu ni gari la kurudi. Basi usiku wa kwanza mgumu atasubiri gari badala ya kujaribu kingine chochote. Sema hivi: "Utakumbuka nyumbani, karibu kila mtoto hukumbuka. Hapo utafanya yale tuliyoandika, na utamwambia mlezi wako. Siku saba zitaisha, hizi hapa kwenye kalenda."

Hatua ya 6: Mpe mkuu wa kambi karatasi moja

Wazazi wengi huficha hali ya nyumbani ili mtoto "asihurumiwe". Matokeo yake mlezi anaona mtoto mkorofi anayetupa sahani, hajui kwamba ana wiki tatu tangu azike bibi yake.

Andika kwa ufupi:

- Nini kimetokea, na lini.
- Mtoto anajua nini, na mnatumia maneno gani nyumbani. Hili lisikosekane, vinginevyo mlezi mwenye nia njema anaweza kuwa wa kwanza kumtajia jambo ambalo hujamwambia.
- Nini humchokoza: ving'ora, harufu ya dawa, sherehe za siku ya baba.
- Nini humtuliza.
- Kama anakojoa kitandani. Andika bila aibu, wana mipira ya godoro na wana namna ya kubadilisha shuka bila wenzake kujua.
- Apigiwe nani kwanza, na nani haruhusiwi kumchukua. Palipo na ugomvi wa malezi au vurugu nyumbani, ambatisha nakala ya amri ya mahakama kama unayo.

Omba karatasi isomwe na mkuu, muuguzi na mlezi wa kikundi chake pekee.

Hatua ya 7: Siku ya kumpeleka

Fika mapema, tandikeni kitanda pamoja, mjue mlezi kwa jina, mkumbatie, ondoka. Usizungukezunguke. Kila dakika unayoiongeza inamwambia kwamba kuna cha kuogopa. Kama machozi yanakulenga, yaache hadi ufike kwenye gari.

Usiondoke kwa kujificha. Mtoto aliyeachwa akiwa ameangalia pembeni atatumia wiki nzima akiangalia mlangoni.

Hatua ya 8: Siku za kambi

*Barua.* Andika mbili au tatu mapema na umkabidhi mlezi agawe siku kwa siku. Eleza mambo madogo ya kawaida na uulize kuhusu yake. Epuka "nyumba imepooza bila wewe" na "paka wako hali". Unadhani unamwonyesha upendo, kumbe unamwita arudi.

*Simu ya kilio.* Huenda ikaja siku za mwanzo. Usibishane na hisia zake wala usikimbilie funguo. Mwambie umesikia, kwamba ni kawaida, kisha muulize leo kitu gani kilikuwa afadhali, na kesho asubuhi kuna nini. Funga kwa kumkabidhi kwa mlezi. Baada ya hapo zungumza na mlezi peke yako, kwa kuwa mara nyingi atakuambia mtoto alilia dakika kumi na sasa yuko uwanjani.

Mfuate kweli ikiwa hali wala halali kwa siku kadhaa, akitamka kujidhuru, au ukigundua kambi haifuati utaratibu wa usalama. Ukimfuata, usimlaumu wala usimfananishe na waliobaki.

*Ninyi mliobaki.* Siku hizi ni zenu pia. Fanyeni yale yasiyowezekana mtoto akiwapo: miadi mirefu ya hospitali, kesi, foleni za ofisi, mazungumzo magumu kuhusu fedha. Na laleni, tena mchana ikibidi. Mzazi anayemaliza wiki akiwa amechoka zaidi atampokea mtoto kwa ukali ndani ya saa moja.

Onyo kubwa: usibadilishe maisha ya mtoto nyuma yake. Usihame nyumba, usigawe mbwa, usiondoe kitanda cha marehemu bila kumwambia kabla hajaondoka. Ukifanya hivyo, safari ijayo hatakubali kutoka hata kwenda dukani.

*Habari mbaya ikija.* Ipigie kambi kwanza, zungumza na mkuu. Mtoto asiambiwe na mwenzake wala kwa simu ya haraka. Ikiwezekana nenda mwenyewe, mkae mahali pa faragha, umwambie kwa maneno mafupi na ya wazi, kisha umuulize kama anataka kurudi sasa. Wapo watakaotaka kuaga marafiki kwanza. Waache waage.

Hatua ya 9: Kumpokea

Atarudi mchafu, mchovu, pengine na hasira. Usishangae akilia kwa kuikumbuka kambi. Nyumbani mgonjwa bado yuko kitandani, na huko alikokuwa watu walikuwa wanaimba.

Siku ya kwanza mpe chakula, maji ya kuoga na usingizi. Usimhoji. Hadithi zitatoka zenyewe akiosha vyombo au mkiwa njiani. Kabla hajaingia ndani, mwambie kilichobadilika: "Bibi amepungua uzito, utamwona tofauti." Kisha msimulieni na ninyi mlichofanya, ili asihisi wiki ile ilifichwa.

Chagueni kitu kimoja cha kambini kibaki nyumbani: kila mtu kutaja jambo zuri moja la siku wakati wa chakula cha jioni, au taa kuzimwa saa ileile. Kimoja kinatosha. Wazazi wenye ari huleta ratiba nzima ya kambi na kufikia wiki ya pili imekufa.

Mafanikio hayana sura ya mtoto mwenye furaha muda wote. Tazama kama analala vizuri kuliko kabla, kama anataja jina la rafiki mpya, kama anaweza kukuacha chumbani na kwenda kucheza nje. Ikiwa baada ya wiki mbili hivi bado hali, halali au hataki kuonana na watu, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto, na umpe nakala ya ile karatasi ya hatua ya 6.

Ndani ya mwezi huohuo iandikie kambi shukrani na uulize tarehe ya kufunguliwa kwa maombi ya ufadhili wa msimu ujao. Iweke kwenye kalenda ileile mliyohesabia siku.